Je, Ukurasa Waweza Kusema Uongo?



Katika toleo letu lililopita tuliandika kurasa mbili za habari za kwaya yetu, ambayo ilikuwa imetimiza miaka 25. Maneno tuliyaandika kwa uangalifu mwingi. Majina tuliyahakiki, miaka tuliihesabu mara mbili, na mwalimu wa kwaya aliisoma makala yote kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Hamkuwa na neno la uongo ndani yake. Lakini gazeti lilipotoka, mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye ameimba tangu siku ya kwanza ya kwaya hiyo, alitujia nje ya kanisa akiwa amelikunja gazeti mkononi. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, wanangu." Kisha akalifungua pale penye picha ya kwaya, akaweka kidole katikati, akatuuliza kwa sauti ya upole, "Hapa nilikuwa nimesimama mimi. Nimekwenda wapi?"

Tukatazama. Picha tulikuwa tumeitandaza juu ya kurasa mbili zinazotazamana ili ipendeze. Sasa, gazeti letu hubanwa kwa pini pembeni, na pini hizo hula ukingo wa ndani wa kila ukurasa. Mama yule alikuwa amesimama katikati kabisa ya safu ya mbele, mahali alipopewa kwa heshima ya miaka yake, nasi tukamwingiza mshononi. Ukurasa wa kushoto ulionyesha mkono wake mmoja ulioshika kitabu cha nyimbo, na ukurasa wa kulia ulionyesha kipande cha kitambaa chake cha kichwa. Uso haukuwapo. Na tena, kijana mmoja mwenye sauti nzuri, aliyejiunga na kwaya mwaka juzi tu, tulikuwa tumempa picha yake peke yake, kubwa, juu ya ukurasa, kwa sababu ilitoka vizuri na koti lake jeupe lilipendeza. Mtu asiyejua kusoma angelitazama gazeti lile na kusema kwamba kwaya hii ni ya kijana huyu. Na ajuaye kusoma angesema hivyo hivyo, mpaka afike aya ya sita ambako tulimtaja mama yule kwa mstari mmoja.

Tulimwomba radhi, naye akasema yamekwisha. Ni mtu wa moyo mkubwa. Lakini swali lake halikwisha, na ndilo lililotufanya tuandike haya. Je, mtu aweza kusema uongo pasipo kutamka neno la uongo? Na kama aweza, uongo huo ni wa nani: wa mpiga picha, wa mwandishi, wa mpangaji wa ukurasa, au wa pini?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Mtu afunguapo gazeti kwa kawaida hasomi kwanza, hutazama. Jicho lake huvutwa na uso wa mtu, kisha na herufi kubwa za kichwa cha habari, kisha na maneno madogo yaliyo chini ya picha, na mwisho, kama ana nafasi na chai haijapoa, ndipo huanza mstari wa kwanza wa makala. Wengi hawafiki huko. Kwa hiyo apangaye ukurasa huanza kusema kabla ya mwandishi, na wapo wasomaji wasiomsikia mwingine ila yeye.

Naye ana vyombo vyake vya kusemea. Mpiga picha akichuchumaa na kumpiga mwanamuziki kutoka chini, mtu huyo huonekana mrefu kama mnara. Akimpiga kutoka juu, huonekana mnyonge. Nafasi nyeupe ikiachwa kumzunguka mtu, humfanya aonekane mkuu, kama kiti kimoja kilichowekwa katikati ya ukumbi mtupu. Sentensi moja ikichomolewa katika mazungumzo ya saa mbili na kuchapwa kwa herufi nene katikati ya safu, hiyo ndiyo itakayokumbukwa, hata kama msemaji aliitamka kwa mzaha huku akitafuta kiberiti. Wala hakuna hata kimoja katika hivi kiwezacho kushtakiwa barazani, maana hakikutamka neno.

Pengine mtu atauliza kwa nini twayachukua magazeti ya muziki kuwa mfano, na dunia imejaa magazeti ya siasa. Sababu moja ni aibu yetu tuliyokwisha kuieleza. Ya pili ni kwamba muziki hausikiki katika karatasi. Gazeti la kilimo likitaka kusifu muhindi, huonyesha gunzi, na gunzi lile ni muhindi wenyewe. Gazeti la muziki haliwezi kuonyesha wimbo. Laweza kuonyesha mtu, nguo zake, jasho lake, chombo chake, na herufi zilizochorwa ili jicho lidhani kwamba linasikia. Kila ukurasa wa gazeti la muziki ni jambo moja linalosimama badala ya jambo jingine, na hapo ndipo mpangaji hupata uwezo mkubwa kuliko wenzake wa magazeti mengine. Yeye ndiye huwaambia watu sauti hiyo ni ya namna gani kabla hawajaisikia.

Jinsi uwezo huo ulivyo mkubwa yaonekana katika jarida la The Face la Uingereza, lililoanzishwa na Nick Logan mwaka 1980. Mpangaji wake, Neville Brody, aliyelitumikia kuanzia 1981 hadi 1986, alichora mwenyewe herufi za vichwa vya habari. Tena alilichukua lile neno linalotangaza yaliyomo ndani, akalivunja kidogo kidogo toleo baada ya toleo hata likabaki alama isiyosomeka. Wasomaji hawakupotea, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kupazoea mahali pake. Yeye alikuwa akijaribu tu, kama fundi ajaribuye patasi mpya. Lakini jaribio lile laonyesha kwamba sura ya neno yaweza kusema hata baada ya neno lenyewe kufa.

Basi tuanze na mfano mwema, maana si haki kuwashtaki watu wa kazi hii kana kwamba wote ni wadanganyifu.

Mwaka 1958 jarida la Esquire la Marekani, ambalo si la muziki hasa, lilitaka kutoa kurasa za kuuheshimu muziki wa jazi. Art Kane, ambaye wakati huo alijulikana kwa kazi ya kupanga kurasa kuliko kwa kupiga picha, alitoa shauri ambalo wengi wangelicheka: waalikwe wanamuziki wote watakaopatikana, wakusanyike mahali pamoja, katika mtaa wa watu weusi wa Harlem, mjini New York, saa nne hivi ya asubuhi. Wanamuziki wale walikuwa watu wa kazi ya usiku, na saa nne kwao ilikuwa usiku wa manane. Hata hivyo, tarehe 12 Agosti, mbele ya nyumba namba 17 ya barabara ya 126 upande wa mashariki, waliingia pichani 57. Walikuwapo Count Basie, Dizzy Gillespie, Coleman Hawkins, Lester Young, Charles Mingus, na mama aliyeheshimiwa na wapiga piano wote, Mary Lou Williams. Walikuwapo pia watu ambao majina yao leo hukumbukwa na wachache.

Kane alijaribu kuwapanga kwa kupaza sauti kupitia gazeti alilolikunja kama tarumbeta. Hawakumsikiliza. Wengi walikuwa hawajaonana siku nyingi, wakawa wanasalimiana na kucheka barabarani kama watu waliokutana arusini. Mwisho wakajipanga wenyewe, kila mtu akisogea karibu na wale aliowajua, wengine juu ya ngazi, wengine chini njiani. Count Basie akachoka kusimama, akaketi ukingoni mwa barabara, na watoto wa mtaa ule wakaja wakaketi kwa safu kando yake. Thelonious Monk, husimuliwa, alichelewa kwa sababu alikuwa akichagua koti. Akavaa la rangi nyepesi akijua wenzake watavaa nyeusi, tena akasimama karibu na wanawake, akijua macho ya watu yataelekea huko. Tazameni basi: hata mpigwa picha anajua kupanga ukurasa!

Picha hiyo ilitoka katika toleo la Januari 1959, na twaiita njema kwa sababu haikumfanya mtu mmoja kuwa mnara. Wakuu na wadogo wamelingana kimo kwa kadiri ngazi zilivyowaruhusu. Hakuna aliyevalishwa nguo ngeni wala aliyeshikishwa tarumbeta ili ajulikane kuwa ni mpiga tarumbeta. Watoto wale, ambao mpangaji mwingine angewafukuza ili picha iwe safi, wamebaki, nao wanaeleza kuliko maneno mengi kwamba muziki huu ulikuwa na mtaa wake na majirani zake. Lester Young alifariki mwezi Machi mwaka ule ule wa 1959, na kila aitazamaye picha ile humkuta bado amesimama na wenzake.

Lakini hata hapo kuna aliyepotea. Mpiga piano mzee, Willie Smith, aliyeitwa Simba, alikuwapo asubuhi ile. Alichoka kusimama, akaenda kuketi ngazini kwa jirani, na picha iliyochaguliwa ilipigwa wakati huo. Hayumo. Tulipoijua habari hii tulimkumbuka mama yetu wa sauti ya pili, na tulifarijika kidogo, jambo ambalo si zuri, maana Kane hakumwona Mzee Smith kuondoka, na sisi tulimwona mama katika picha kabla hatujamweka mshononi. Mwenye kukosea kwa kutoona na mwenye kukosea kwa kutojali hawawezi kuketi benchi moja.

Tena wapo walioondolewa kwa makusudi. Mwaka 1957 Miles Davis alitoa santuri yake iitwayo Miles Ahead, na kampuni ikaweka juu ya jalada lake picha ya mwanamke Mzungu na mtoto ndani ya mashua ya tanga. Mwenye tarumbeta hakuonekana. Alilalamika, na baadaye jalada likabadilishwa, akawekwa yeye. Mwaka 1965 santuri ya Otis Redding, Otis Blue, ilitoka na mwanamke Mzungu mwenye nywele za dhahabu juu ya jalada. Wauzaji walifikiri kwamba uso mweusi ungewazuia baadhi ya watu kununua. Je, jalada lile lilisema uongo? Jina la mwimbaji lilichapwa, nyimbo zilitajwa sawasawa. Lakini mnunuzi alipelekewa sauti ya mtu mmoja na sura ya mwingine, na mwenye sauti akaambiwa, bila neno lolote, kwamba yeye ni wa kusikika tu na si wa kuonekana. Hatuoni jina jingine la kuliita jambo hili ila dhuluma, hata kama lilifanywa kwa rangi nzuri na karatasi ya kung'aa.

Sasa tuje kwenye kisa kinachotupa taabu zaidi, kwa sababu tumekijadili katika kamati yetu mara tatu na hatujakubaliana.

Marekani kulikuwa na jarida la muziki lililoitwa Ray Gun, lililoanza mwaka 1992. Mpangaji wake alikuwa David Carson, mtu aliyesomea elimu ya jamii, akawa mwalimu, tena mshindani wa mchezo wa kupanda mawimbi ya bahari kwa ubao. Kurasa zake zilikuwa kama nyumba iliyopitiwa na tufani: safu zimepandana, herufi zimekatika, mstari umeingia ndani ya picha na haukutoka. Vijana walizipenda. Mwaka 1994 aliletewa mahojiano na mwimbaji Mwingereza Bryan Ferry. Akayasoma, akaona yanachosha. Akatafuta aina ya herufi ya kuyachapia, akapitia orodha yote, na mwisho akakuta ile iitwayo Zapf Dingbats, ambayo haina herufi kabisa bali ina alama tupu: nyota, misalaba, mikono inayoonyesha kidole, mikasi. Akayachapa mahojiano kwa hizo. Msomaji alifungua gazeti akakuta safu za nyota na mikasi mahali pa maneno ya mtu. Makala ile ilichapwa tena kwa herufi za kawaida mwishoni mwa toleo lile lile, ili atakaye aisome.

Tulicheka tuliposikia habari hii mara ya kwanza. Kisha mzee mmoja wa kamati, ambaye alikuwa mwalimu miaka mingi, akauliza: "Na yule aliyehojiwa, alialikwa azungumze au alialikwa achekwe?" Tukanyamaza. Maana mtu akikubali kuketi na kuulizwa maswali, ametoa saa zake na ameweka maneno yake mikononi mwa wengine, kama mtu aachaye mzigo kwa jirani. Jirani akiona mzigo ule hauna thamani, ana haki ya kusema hauhifadhi. Lakini hana haki ya kuupokea, kisha akauanika njiani wapita njia wauchekelee. Na mwandishi aliyeketi akaandika, naye alipewa nini? Na aliyetoa fedha yake kununua gazeti?

Hivyo alivyosema mzee, na karibu wote tulimwunga mkono. Lakini kijana wetu mmoja, ndiye atupangiaye kurasa kwa kompyuta, alisimama upande wa Carson, nasi twamwandika hapa kwa uaminifu kwa sababu maneno yake hayajapata jibu la kutosha. Alisema: Carson hakumdanganya mtu. Aliona mahojiano yanachosha, na ukurasa wake ukasema waziwazi, "Haya yanachosha." Kila mtu aliona kwamba pana jambo. Mdanganyifu, alisema, ni mpangaji yule apewaye mahojiano yale yale ya kuchosha, akayapamba kwa picha kubwa ya kurasa mbili, mwanga wa jioni usoni, kichwa cha habari cha dhahabu, mpaka msomaji akadhani anasoma maneno ya mtu mwenye hekima. Huyo hakuna amshtakiye, kwa sababu kazi yake ni nzuri kutazama.

Tukisema kweli, kijana ameshika jambo. Ni ule uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Sisi wenyewe tumekuwa tayari kumkasirikia mtu aliyeficha maneno nyuma ya nyota na mikasi, na hatumkasirikii aliyeficha utupu nyuma ya picha nzuri, ingawa wa kwanza alituachia njia ya kuyasoma maneno mwishoni mwa gazeti na wa pili hakutuachia njia yoyote. Lakini bado twarudi kwa mzee. Kudharau waziwazi si uongo, ni kweli. Ila si kila ukweli juu ya mtu una ruhusa ya kusemwa kwa namna yoyote tuitakayo. Twaweza kumwambia mtu hotuba yake ilikuwa ndefu. Hatuwezi kumpigia makofi ya dhihaka ili akae, kisha tukajitetea kwamba tulikuwa wakweli.

Kuna gazeti jingine ambalo limetupa mafunzo mawili, moja jema na moja gumu. Hilo ni Rolling Stone, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1967 na Jann Wenner na Ralph Gleason. Tarehe 8 Desemba 1980 mpiga picha wake, Annie Leibovitz, alikwenda nyumbani kwa John Lennon mjini New York. Gazeti lilimtaka Lennon peke yake juu ya jalada. Mwenyewe alitaka awe pamoja na mkewe, Yoko Ono. Picha iliyopatikana yamwonyesha Lennon hana nguo, amejikunja kama mtoto, amemkumbatia mkewe aliyevaa nguo nyeusi. Wapo kati yetu ambao hawapendi picha ya namna hiyo, na hatuwalaumu. Usiku ule ule Lennon aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Gazeti lilipotoka, tarehe 22 Januari 1981, jalada lilikuwa na picha ile na jina la gazeti tu. Hakuna kichwa cha habari, hakuna tarehe za kuzaliwa na kufa, hakuna neno la kuuzia. Fikirini kishawishi kilichokuwapo cha kuandika! Walijizuia, na mtu aliyekuwa amesema hataki kutengwa na mkewe hakutengwa naye.

Funzo gumu ni la mwaka 2013. Tarehe 15 Aprili mwaka huo mabomu yalilipuka katika mbio za marathoni za Boston, yakaua watu 3 na kujeruhi mamia. Mmoja wa waliofanya hivyo alikuwa kijana wa miaka 19, Dzhokhar Tsarnaev. Rolling Stone iliandika habari ndefu ya kueleza jinsi kijana aliyependwa na wenzake alivyofikia uovu ule, na katika toleo la Agosti 1 ikaweka uso wake juu ya jalada: nywele za mawimbi, macho laini, picha aliyojipiga mwenyewe. Watu wakaghadhibika. Meya wa Boston aliandika barua ya kulalamika, na maduka makubwa, CVS na Walgreens miongoni mwao, yakakataa kuliuza toleo lile. Askari mmoja mpiga picha wa polisi wa jimbo, Sean Murphy, alitoa bila idhini ya wakubwa wake picha za siku kijana yule alipokamatwa, akiwa na damu usoni na nukta nyekundu ya bunduki ya mlenga shabaha kwenye paji, ili watu waone sura aliyoiita ya kweli.

Ajabu ni kwamba picha ile ile ilikuwa imekwisha kuchapwa ukurasa wa kwanza wa New York Times mwezi Mei, na hapakuwa na ghasia kama hiyo. Na maneno yaliyokuwa juu ya jalada la Rolling Stone yalimwita kijana yule zimwi, kwa herufi zisizohitaji miwani. Wahariri wangeweza kusema, na walisema, kwamba makala yao ilikuwa ya uandishi wa habari wa kweli. Nasi twaamini ilikuwa hivyo. Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kiti. Kwa zaidi ya miaka 45 gazeti lile lilikuwa limewafundisha wasomaji kwamba uso ukitazama kutoka mahali pale, chini ya jina lile, ni uso wa mtu wa kupendwa. Walikuwa wamewaketisha pale akina Lennon, mmoja baada ya mwingine. Mtu hawezi kuwafundisha watu miaka 45 kwamba kiti hiki ni cha bwana arusi, kisha siku moja akamketisha mwuaji na kuwaambia, "Leo ni kiti tu." Wale waliofiwa waliuona ukurasa kabla ya kuyasoma maneno, kama sote tufanyavyo. Kwao ukurasa ulisema uongo, ingawa kila neno lilikuwa kweli.

Iliripotiwa baadaye kwamba toleo lile liliuzwa madukani karibu mara mbili ya kawaida. Hilo nalo tuliseme, kwa kuwa wapangaji wa kurasa hawaketi peke yao. Wananunuliwa. Sisi tunaolalamika juu ya jalada ndio tunaonyosha mkono kuchukua lile lenye uso mzuri na kuliacha lenye nyuso nyingi ndogo, na muuzaji hutuhesabu kwa mikono yetu, hatuhesabu kwa malalamiko yetu. Hata gazeti letu hili, ambalo halina mshindani, tuliwaona watu wakiligeuza wakitafuta picha yao kwanza. Hatukuwashangaa. Tulikuwa tumefanya vivyo hivyo kwa mpiga chapa, kabla wino haujakauka.

Kuhusu picha ya kwaya, tumeamua kuichapa upya katika toleo hili, ndani ya ukurasa mmoja, bila kuikata wala kuivusha mshono. Nyuso zimekuwa ndogo sana, na mpiga chapa ametuonya kwamba wa safu ya nyuma watakuwa kama punje za mtama. Majina yote 34 tumeyaandika chini kwa utaratibu wa kusimama, kutoka kushoto. Juma lililopita tulimpelekea mama yule karatasi ya kwanza ya majaribio nyumbani kwake, ili aione kabla ya wengine. Alivaa miwani, akajitafuta, akajiona, akatabasamu. Kisha akaendelea kutafuta, akisogeza kidole chake polepole kutoka uso hadi uso, mpaka safu ya nyuma.

"Na yule kijana wa koti jeupe," akauliza, "mmemweka wapi? Isije na yeye akanijia hapa kesho."

Tukamwonyesha. Alikuwa wa tatu kutoka kulia, nyuma ya mtu mrefu.

"Mwambieni mpiga picha amsogeze mara nyingine," akasema, akaturudishia karatasi.